Mbinu ipi ya darasani inafaa kuwafundisha vijana usalama wa udereva: mhadhara, video za ajali, majadiliano au pikipiki uwanjani?

MwalimuShangani (Mtwara)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha sekondari hapa Mtwara mjini, na nimekabidhiwa klabu ya usalama barabarani yenye wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 16 hadi 18. Nimepewa vipindi sita vya dakika 40 kwa muhula, baada ya masomo ya kawaida, na uongozi umenitaka niwasilishe andalio linaloeleza mbinu nitakazotumia na sababu za kuzichagua. Kwa hiyo ninaomba msaada wa kulinganisha mbinu. Mada ninazo za kutosha.

Hali yetu wengi mnaifahamu. Wanafunzi hawa ama hawajafikisha miaka 18, ambao ndio umri wa chini wa kupata leseni ya gari kwa sheria yetu, ama ndio kwanza wanaufikisha, lakini barabarani wapo kila siku. Huja shuleni kwa bodaboda, mara nyingi wakiwa wamepanda mshikaki, na baadhi ya wavulana huachiwa pikipiki ya kaka au ya mjomba jioni ili watafute vichwa viwili vitatu. Wakishamaliza kidato cha nne, si wachache wanaoingia moja kwa moja kwenye bodaboda na bajaji, au wanaokuwa utingo kwenye malori. Na barabara wanayojifunzia ndiyo hiyo hiyo inayopitisha malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma, kupitia Tunduru na Masasi hadi bandarini kwetu, pamoja na malori ya saruji. Ukiingia msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, msongamano huzidi.

Mezani nina mapendekezo manne. La kwanza ni mhadhara: tumwalike askari wa usalama barabarani afundishe sheria na alama, kisha wanafunzi wafanye jaribio la maandishi. La pili ni la mwalimu mwenzangu, ambaye anaamini kwamba kijana haelewi mpaka aone damu, na hivyo anataka tuonyeshe video za ajali kwa projekta. La tatu ni mbinu shirikishi, yaani majadiliano katika vikundi na igizo dhima. La nne limetoka kwa wazazi katika kikao: mmoja wao yuko tayari kutoa pikipiki ili vijana wajifunze kuendesha katika uwanja wa mpira wa shule, chini ya usimamizi, kwa hoja kwamba mitaani watajifunza tu, basi heri wajifunze vizuri.

Pendekezo hilo la nne ndilo linalonisumbua, kwa sababu lina mantiki na mkuu wa shule amelipenda. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba tufanye jambo. Ninachotaka kujua ni kama kuna ushahidi unaoonyesha mbinu ipi kati ya hizi hupunguza ajali na ipi humfurahisha tu mwalimu aliyeitumia. Projekta ni ya kuazima, umeme ni wa kubahatisha, na ubao ninao.

Mkufunzi_wa_Udereva (Lindi)

Mwalimu, salaam, na pole kwa majukumu.

Mimi ninafundisha katika chuo cha udereva hapa Lindi, na nitasema kwa upande wa kazi yangu. Usiutupe mhadhara. Wanaokuja kwetu wakiwa watu wazima, wengine wakiwa wameendesha pikipiki kwa miaka bila leseni, hawajui ni nani anayepaswa kumpisha mwenzake kwenye kipilefti, na mstari mweupe usiokatika katikati ya barabara kwao ni rangi tu. Huwezi kumjadilisha mtu juu ya sheria asiyoijua. Tatizo la mhadhara ni jaribio linaloufuata: mwanafunzi hukariri alama zote, akapata maksi za juu kwenye karatasi, halafu akakutana na alama hiyo hiyo kwenye kona ya Mingoyo asiione kabisa, kwa sababu darasani ilikuwa imechorwa peke yake kwenye kadi ya manila, bila vumbi, bila lori na bila abiria wa kushusha.

Kuhusu video za ajali, kwa uzoefu wangu darasa hukaa kimya dakika chache za mwanzo, kisha wavulana huanza kucheka, na mwisho wa kipindi wanakuomba uwarushie kwenye simu. Sioni zinafundisha nini.

Pendekezo la wazazi mimi ninaliunga mkono. Mwanafunzi wa pikipiki aliyejifunzia mtaani hushika breki ya nyuma peke yake, kwa sababu aliambiwa kwamba ya mbele itamrusha, ilhali nguvu kubwa ya kusimamisha pikipiki kwenye lami kavu iko kwenye gurudumu la mbele. Huyo huyo akiingia kwenye mchanga huishika ya mbele kwa pupa na kuanguka. Haya hayafundishiki kwa chaki. Uwanja wa shule, kofia ngumu, mwendo mdogo na msimamizi mwenye leseni vingempa kijana kitu cha kumwokoa siku moja. Ningependa kusikia wenye mawazo tofauti.

MkaguziMstaafu

Mwalimu na Mkufunzi, nawasalimu nyote. Nilikuwa mkaguzi wa shule kabla ya kustaafu, na jambo hili la kulinganisha mbinu za kufundisha udereva nimelifuatilia kwa muda mrefu, kwa sababu ni moja ya sehemu chache za elimu ambako mbinu imewahi kupimwa kwa kuhesabu ajali, badala ya kuhesabu maksi.

Nianze na uwanja, kwa kuwa hapo ndipo uamuzi wenu ulipokwama. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika wilaya ya DeKalb iliyoko jimbo la Georgia, Marekani, wanafunzi zaidi ya 16,000 wa sekondari waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa mafunzo marefu yaliyoandaliwa kwa ustadi mkubwa, yakiwa na darasa, mashine za kuigiza uendeshaji, uwanja wa mazoezi na barabara. La pili lilipewa mafunzo mafupi ya kumwezesha mtu kupata leseni. La tatu halikufundishwa udereva shuleni. Wote walitarajia kundi la kwanza lipate ajali chache. Manufaa ya kudumu hayakuonekana. Kilichoonekana wazi, hasa takwimu zilipochambuliwa upya katikati ya miaka ya 1980, ni kwamba waliofundishwa shuleni walipata leseni mapema zaidi, na kwa kuwa walianza kuendesha mapema, walianza pia kupata ajali mapema. Mapitio ya tafiti za aina hiyo yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2001 yalifikia hitimisho hilo hilo: hakuna ushahidi kwamba mafunzo ya udereva mashuleni hupunguza ajali, na upo ushahidi kwamba huwaingiza vijana barabarani mapema.

Sitaki nionekane kama ninaficha upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jimbo la Nebraska, uliofuatilia vijana zaidi ya 150,000, ulionyesha kwamba waliopitia mafunzo ya udereva walikuwa na ajali na makosa machache kuliko waliojifunza na wazazi wao tu. Lakini hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, bali walichagua wenyewe au walichaguliwa na wazazi, na mzazi anayemlipia mwanawe mafunzo huenda pia ndiye anayemnyang'anya funguo usiku. Watafiti walijitahidi kusawazisha tofauti hizo kwa hesabu, ila mimi bado ninaupa uzito zaidi mgawanyo wa bahati nasibu.

Sasa, Mkufunzi anasema kweli kuhusu breki, na sibishani naye hata kidogo juu ya fizikia. Ninachotilia shaka ni kinachotokea kichwani mwa kijana wa miaka 17 baada ya kufundishwa stadi hiyo. Nils Petter Gregersen wa Sweden alifanya jaribio katikati ya miaka ya 1990 kwa madereva wanafunzi: kundi moja lilifundishwa stadi ya kufunga breki na kukwepa kizuizi kwenye utelezi, jingine likapewa muda ule ule lakini lengo likawa kuwaonyesha kwamba uwezo wao una mipaka. Walipopimwa baadaye, stadi zao hazikutofautiana, ila kundi la kwanza lilijiona hodari kuliko lilivyokuwa. Norway nako, baada ya mafunzo ya lazima ya kuendesha kwenye utelezi kuanzishwa mwaka 1979, ajali za vijana wa kiume kwenye utelezi ziliongezeka badala ya kupungua. Mpe kijana saa moja ya kufunga breki uwanjani, na Jumamosi inayofuata atataka kuonyesha alichojifunza pale Mikindani barabara inapopinda kando ya ghuba, akiwa na wenzake wawili nyuma.

Kuhusu damu: tafiti za ujumbe wa kutisha zinakubaliana kwamba hofu hufanya kazi pale tu msikilizaji anapopewa jambo la kufanya analoamini kwamba analiweza. Asipopewa, hujikinga na hofu yenyewe, kwa kucheka, kwa kusema "yule alikuwa amelewa", au kwa kutoangalia. Mkufunzi ameueleza mwenendo huo bila kuupa jina la kitaalamu. Kama mwenzako atasisitiza, aonyeshe kipande kifupi kinachokatika kabla ya ajali, kisha awaulize wanafunzi nini kitafuata na ni ishara gani iliyowaonyesha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mbinu mbili ninazozipendekeza, na ya kwanza ni hiyo ya kuiona hatari kabla haijajitokeza. Uingereza iliingiza jaribio la video la kutambua hatari katika mtihani wa leseni mwezi Novemba 2002. Kwa upande wa mafunzo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walitengeneza programu fupi ya kompyuta, isiyozidi saa moja, ambayo humwonyesha kijana michoro ya barabara iliyotazamwa kutoka juu, mithili ya ramani, na kumtaka aonyeshe mahali ambapo mtu au gari linaweza kutokea ghafla. Hukosea, huelezwa kwa nini amekosea, kisha hurudia mpaka apate. Waliopitia mafunzo hayo, walipopelekwa barabarani huku miondoko ya macho yao ikirekodiwa, waliangalia mahali penye hatari mara nyingi zaidi kuliko wasiofundishwa. Jaribio kubwa lililofanywa baadaye California kwa vijana zaidi ya 5,000 waliopata leseni karibuni lilionyesha kupungua kwa ajali kwa wavulana, ingawa kwa wasichana tofauti haikuonekana. Kwa saa moja tu, na kwa michoro, hayo ni matokeo ya kutosha kumshawishi mkuu wa shule yeyote.

Mbinu ya pili ni majadiliano, ila yaendeshwe kwa utaratibu. Gregersen huyo huyo na wenzake walilinganisha hatua nne katika shirika la simu la Sweden, Televerket: mafunzo ya udereva, majadiliano ya vikundi, kampeni, na zawadi kwa wasiopata ajali, kila kundi likiwa na madereva wapatao 900. Kundi la majadiliano ndilo lililofanya vizuri zaidi. Hao walikuwa watu wazima kazini, kwa hiyo tusiyahamishe matokeo yao kwa vijana bila tahadhari. Lakini kilichofanyika kinaweza kuigwa, kwani madereva wenyewe walitaja matatizo yao, wakakubaliana hatua, na kila mmoja akaamua yeye binafsi atabadilisha nini. Wataalamu wa Finland waliugawa udereva katika ngazi nne, kuanzia kukimudu chombo, kuzimudu hali za barabarani, kisha madhumuni ya safari (unakwenda wapi, na nani, saa ngapi), hadi maisha ya mtu mwenyewe na jinsi anavyojitawala. Mhadhara na uwanja hugusa ngazi mbili za chini. Ajali nyingi za vijana huanzia kwenye zile mbili za juu, ambazo hufikiwa kwa mazungumzo.

KijiweChuno

Nawasalimu walimu wangu. Mimi ni dereva wa bodaboda na kiongozi wa kijiwe hapa Mtwara, nimesoma yote yaliyoandikwa hapo juu, na ninataka kuongeza jambo moja ambalo msipolijua majadiliano yenu yatakuwa ya juu juu.

Mwanafunzi ndiye anayeutaka mshikaki. Nauli ikiwa shilingi 1,000 na wao ni watatu, wanajua kila mmoja atatoa chini ya 400, na ukikataa wanakwenda kwa mwenzako anayesubiri mita chache mbele. Kofia ya abiria nayo ipo, inaning'inia kwenye mpini. Ukimpa abiria anasema inanuka jasho la watu, au inamharibia ushungi, na asubuhi hakuna dereva anayebishana na mtu aliyechelewa namba shuleni. Kwa hiyo mkiwakalisha vijana hao kujadili, msiwaulize kama mshikaki ni hatari, kwa sababu watajibu ndiyo na kipindi kitakwisha. Waulizeni nani anakaa katikati, nani alipendekeza, nani alitaka kushuka akaona aibu, na hiyo 600 waliyookoa waliifanyia nini. Hapo watasema.

Mkihitaji dereva wa kuja kuzungumza nao, chagueni mtu mzima mwenye leseni ambaye hapendi sifa. Wapo wenzetu ambao wakisimama mbele ya vijana wataanza kusimulia walivyolikwepa lori, na mtakuwa mmeharibu.

MwalimuShangani (Mtwara)

Ninawashukuru sana. Kaka wa kijiwe, maswali yako nimeyanakili kama yalivyo.

Mzee wangu Mkaguzi, nina mambo mawili. Kwanza, mafunzo hayo ya michoro nitayafanyaje bila kompyuta? Pili, mkuu wa shule ataniuliza nitajuaje kama mbinu imefanya kazi, kwa kuwa ajali, tunashukuru Mungu, hazitokei kwa wingi wa kuhesabika ndani ya muhula mmoja, na maksi za jaribio sasa nimeanza kuzitilia shaka.

MkaguziMstaafu

Kompyuta si ya lazima, kwa sababu kiini cha mbinu ni kukosea na kurekebishwa juu ya mchoro. Sogeza madawati, chora barabara kwa chaki sakafuni, upana wa kutosha wanafunzi kuizunguka. Viberiti viwe magari, vifuniko vya soda viwe pikipiki, na kokoto ziwe watembea kwa miguu. Usitumie korosho, hazitafika mwisho wa kipindi.

Weka kiberiti kikubwa, ambacho ni lori, kimesimama kabla tu ya pundamilia. Nyuma yake weka kifuniko cha soda, ambacho ni pikipiki inayotaka kulipita. Kisha mwambie mwanafunzi mmoja apige magoti hadi jicho lake liwe usawa wa kile kifuniko, na aeleze anachoona mbele. Utakuta wengi wanaonyesha lori kuwa ndiyo hatari. Lori limesimama, halimdhuru mtu. Hatari ni ile nafasi tupu mbele ya lori asiyoiona, na swali analopaswa kujiuliza ni kwa nini dereva wa lori amesimama. Hapo weka kokoto ikitokea mbele ya kiberiti, kisha mpe mwingine zamu kwa hali tofauti: daladala inayoshusha abiria huku wengine wakivuka nyuma yake, lori linalopinda kushoto na pikipiki iliyojipenyeza kati yake na ukingo wa barabara, bajaji iliyosimama ghafla mbele ya mteja. Usiwape jibu kabla hawajakosea. Vipindi viwili vinatosha kwa hali kama nane, na kipindi cha pili wanafunzi walete wenyewe michoro ya sehemu wanazopita kila siku, iwe Magomeni, Naliendele au njia ya kwenda Mikindani.

Kipindi cha igizo dhima kitumie kwa abiria kuliko dereva. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba hatari ya kifo kwa dereva wa miaka 16 na 17 huongezeka kadiri abiria vijana wanavyoongezeka kwenye gari, na kwa watoto wetu, ambao leo ni abiria kabla ya kuwa madereva, stadi ya kusema "punguza mwendo" au "nishushe hapa" bila kugombana ndiyo watakayoitumia kesho asubuhi. Rudieni igizo moja mara kadhaa na maneno tofauti mpaka yatoke kwa urahisi. Igizo linalofanywa mara moja na kupigiwa makofi halibaki kichwani.

Kuhusu upimaji, ajali usizihesabu. Hesabu tabia. Simama, au msimamishe mtu mwingine, karibu na lango asubuhi kwa siku chache kabla ya kuanza, mwandike wangapi wamekuja mshikaki na wangapi wamevaa kofia, bila kuandika majina na bila kutangaza. Rudia baada ya vipindi, na rudia tena muhula unaofuata, kwa kuwa mabadiliko ya wiki ya kwanza ni ya adabu tu. Kama shule ina mikondo miwili, anza na mkondo mmoja uliochaguliwa kwa kura na mwingine uufundishe baadaye, ili uwe na cha kulinganisha. Ila ujue kwamba wanafunzi husimuliana, na tofauti kati ya mikondo itakuwa ndogo kuliko athari halisi. Ongeza jaribio fupi la picha: wape mchoro wasiowahi kuuona na wahesabie sehemu walizozitia duara. Hilo hupima macho, wakati jaribio la alama hupima kumbukumbu.

Mkufunzi_wa_Udereva (Lindi)

Mzee, hoja ya kuingia barabarani mapema nimeielewa, na kwa wanafunzi walio chini ya umri wa leseni sina jibu la kuipinga. Lakini sikubali kwamba stadi iachwe kabisa, kwa sababu Mwalimu amesema mwenyewe kwamba baadhi yao mwakani watakuwa bodaboda, na DeKalb ilikuwa ya watoto waliojifunza gari la familia ilhali hawa wetu watafanya biashara ya kubeba watu kutwa nzima. Ninachoweza kukubali ni mpangilio: stadi ije baada ya kidato cha nne, chuoni, mtu akiwa na leseni ya kujifunzia, na shule isiifanye badala yetu.

Hata hivyo zawadi ya yule mzazi msiikatae. Pikipiki ije uwanjani ikiwa imezimwa na funguo zikiwa kwa mwenyewe. Wanafunzi wajifunze kuikagua: kina cha maua ya tairi, mnyororo uliolegea, breki, taa ya nyuma na indiketa. Abiria anayejua kuangalia tairi ana sababu ya kuikataa pikipiki, na hata yule wa kijiwe hatamwona ana maringo. Ikiwezekana, mpate pia lori lililoegeshwa. Kila mwanafunzi apande kwenye kiti cha dereva, huku wenzake wakisimama na ile pikipiki mahali mbalimbali: mbele kabisa ya bampa, ubavuni kushoto karibu na mlango, na nyuma ya tela. Aseme anamwona nani kwenye vioo. Mimi huwafanyia hivyo wanafunzi wangu wa magari makubwa, na wote hushangaa ni watu wangapi wanaweza kusimama ubavuni kushoto pasipo kuonekana. Hii haimfundishi mtu kuendesha, kwa hiyo nadhani Mzee hatakuwa na pingamizi.

MkaguziMstaafu

Sina. Ningeiweka baada ya vipindi vya michoro, ili waende kwenye lori wakiwa tayari na dhana ya kuuliza ni nani asiyeonekana.

MwalimuShangani (Mtwara)

Basi andalio litakuwa hivi. Kipindi cha kwanza ni sheria na alama, lakini nitamwomba askari atumie picha za barabara zetu badala ya kadi, na asizidi nusu ya muda ili maswali yapate nafasi. Cha pili na cha tatu ni michoro ya chaki. Cha nne ni lori na pikipiki iliyozimwa. Kuna mzazi mwenye fuso, nitamwomba ailete Jumamosi asubuhi ikiwa tupu, dereva wake awepo na magurudumu yawekewe vigingi. Cha tano ni majadiliano kwa maswali ya kaka wa kijiwe, na kila mwanafunzi ataandika uamuzi wake mmoja, atabaki nao mwenyewe. Cha sita ni igizo la abiria. Mwenzangu wa video nimempa dakika kumi ndani ya kipindi cha tatu, kwa sharti la kukata kabla ya ajali, na amekubali shingo upande.

Kwa mkuu wa shule nitapeleka hoja ya DeKalb kwa maandishi, pamoja na pendekezo la Mkufunzi kwamba wanaomaliza kidato cha nne waelekezwe vyuoni. Hesabu ya langoni itaanza wiki ijayo, na nimemwachia mlinzi, kwa kuwa mimi wakiniona tu wanashukia kona ya nyuma.